Gitaa la besi lina umri gani? Fungua shingo

Kijana mmoja aliniletea karakana gitaa la besi la marehemu babu yake, limeviringishwa kwenye kitenge. Fender Jazz Bass, njano katikati, pembeni inakolea hadi nyeusi. Hata hajakaa akaniambia, "Fundi, hili ni la kabla ya uhuru." Babu alipiga gitaa zito kwenye bendi za dansi hapa Dar, na hadithi ya nyumbani kwao ni moja: lilinunuliwa 1961. Sasa amepata mnunuzi Ulaya, na mnunuzi anauliza mwaka.

Anauliza kwa sababu ya pesa. Bwana Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni iliyotengeneza magitaa haya, aliiuza kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwanzoni mwa 1965, na wakusanyaji hulipa zaidi, mno, kwa gitaa lililotoka kiwandani Fullerton, California, kabla ya hapo. Ndiyo maana kila gitaa kuukuu linaloingia hapa kwangu "ni la sitini na nne". Sijawahi kuletewa la sabini na tano.

Hilo la 1961 sikuhitaji bisibisi kulijibu. Jazz Bass zilianza kutoka 1960, na za mwanzo zilikuwa na vinobu, vile vitufe vya kuzungusha kurekebisha sauti, vilivyopandiana, kimoja juu ya kingine, seti mbili. Mtindo huo uliachwa karibu 1962, vikaja vinobu vitatu vya kawaida. Hili lina vitatu. Halafu tazama shingo: kati ya freti, vile vijiti vya chuma vinavyoikatiza, kuna vipande vya mstatili vinavyong'aa, na kingo za ubao zina utepe mweupe. Zamani hapo palikuwa na vidoti tu; mstatili uliingia 1966. Kile kibati cha chuma cha nyuma, pale shingo inapofungwa, kimechorwa herufi F kubwa, na vibati vya namna hiyo vilianza kama mwisho wa 1965. Simwiti babu mwongo. Mwanamuziki hukumbuka mwaka aliojiunga na bendi, na vyombo vyote vinahamia mwaka huohuo.

Namba iliyopigwa kwenye kibati ilikuwa laki moja na tisini elfu na kitu. Kijana alishaiingiza mtandaoni akajibiwa "1967", akaona jibu la ovyo. Jibu halikuwa mbali, ila namba ndiyo shahidi ninayemwamini mwisho. Vibati vilikaa kiwandani ndani ya boksi, mfanyakazi akachota kilichomjia mkononi, kwa hiyo namba kubwa inaweza kutangulia ndogo kwa miezi mingi. Tena kibati kinashikwa na skrubu nne. Dakika tano zinatosha kukihamishia kwenye gitaa jingine.

Kwa hiyo tukafungua. Legeza nyuzi kwanza, kisha tafuta bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Ukizila vichwa, umeshapunguza bei ya gitaa kabla hujajua umri wake. Skrubu ya tatu ililia kidogo. Shingo ilipotoka nikaipeleka dirishani, kitako kikielekea juani, na pale kwenye mbao tupu palikuwa na mhuri wa wino uliofifia: 7, kisha NOV, kisha 67, na herufi moja. Tarakimu ya mbele ni aina ya gitaa: 7 ni Jazz Bass, 5 ni Precision, besi nyingine ya Fender. Herufi ya mwisho ni upana wa shingo. Kabla ya 1962 tarehe iliandikwa kwa penseli, na penseli iliyokaa miaka sitini huhitaji tochi ya kumulika kwa ubavu.

Tarehe hiyo ni ya shingo, lakini. Shingo ingeweza kulala kwenye rafu miezi kadhaa ikisubiri mwili. Na ingeweza kutoka kwenye gitaa jingine kabisa, ndiyo maana nilikitazama pia kile kishimo cha mwili inamokaa. Kiwandani walifunga kijiti humo ili mpiga rangi apate pa kushika, na chini ya kijiti rangi haikufika. Hapa palibaki mchoro wa mbao tupu, umenyooka kama rula. Mwili uliopakwa rangi upya mtaani mara nyingi hupulizwa humo ndani nako, na mchoro unafunikwa. Huu haujaguswa.

Zikabaki poti, zile zinazozungushwa na vinobu. Migongoni zina namba: 1376633. Mwanzo, 137, ni mtengenezaji, CTS. 66 ni mwaka, 33 ni wiki, yaani Agosti 1966. Hapa niliwahi kuteleza. Miaka mingi nyuma nilimwandikia mteja kwamba besi yake ni ya 1966 kwa kusoma poti peke yake, kumbe ni ya 1969. Fender walinunua shehena kubwa ya poti za CTS mwaka 1966 wakazitumia kwa miaka. Poti inakwambia tu gitaa haliwezi kuwa la kabla ya tarehe hiyo. Limekuja muda gani baadaye, muulize shahidi mwingine.

Nikamwambia kijana: mwisho wa 1967 au mwanzo wa 1968. Shingo, mwili, poti na namba, vyote vinaingia hapo bila kugombana. Akanyamaza, kisha akauliza kama nikiandika "miaka ya sitini" nitakuwa nimedanganya. Nikamjibu hapana, ila mnunuzi naye ana bisibisi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nisingependa akutane nalo huko Ulaya. Pikapu, yaani kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ile ya karibu na daraja nyuzi zinapofungwa mwilini, imeletwa baadaye. Waya za nyingine zimevikwa kitambaa, kama zilivyokuwa za Fender miaka ile, lakini za hii ni plastiki, na lehemu yake bado inang'aa wakati ile ya kiwandani imefifia ikawa kijivu. Mtu aliitengeneza, pengine babu mwenyewe, siku moja kabla ya dansi. Pikapu ya asili iliyokufa bado ina thamani, kwa sababu inaweza kusukwa waya upya. Nikamuuliza kama mzee alikuwa na kopo la vikorokoro, maana wapiga magitaa hatutupi kitu. Akasema lipo, la biskuti, chini ya kitanda cha bibi. Gitaa nimelifunga tena, liko hapa ukutani, namsubiri na kopo.