Mizimu si mapepo: kisa cha neno moja katika Marko 5

Kazi yangu ni kutafsiri Maandiko. Nimesomea isimu, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu imepita kwenye mikeka na viti vya plastiki, pamoja na wachungaji, makatekista na wazee, tukipima neno moja moja kama watu wanaochambua mchele. Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa kijiji kimoja kusini mwa Tanzania. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, bati bado linadondoka, na tulikuwa tunasoma kwa sauti rasimu ya Marko sura ya 5 kwa lugha ya pale ili wazee watuambie kama lugha imekaa.

Kisa mnakijua. Yesu anashuka chomboni, anakutana na mtu aliyetoka makaburini, mwenye pepo mchafu, ambaye hata minyororo anaikata. Pepo wale wanaomba waingie ndani ya nguruwe, kundi la wapata elfu mbili, nao wanaporomoka hadi ziwani wakazama. Kijana wetu aliyeandaa rasimu alikuwa ametumia neno la lugha ile ambalo ni ndugu wa "mizimu". Sababu alikuwa nayo: mtu yule ametoka makaburini, na yanayotoka makaburini kwao ni mizimu.

Mzee mmoja, katekista mstaafu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hao waliomwingia ni babu zetu?"

Tukanyamaza.

"Maana neno hilo kwetu ni marehemu wa nyumbani. Sasa mnaniambia babu yangu aliingia ndani ya nguruwe, akafa maji?"

Hakuwa anabishana. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za msiba. Kitabu tulikifunga, na hatukukifungua tena mchana ule.

Tukizungumza juu ya Ukristo na dini za jadi, kwa kawaida tunagombania matendo: huyu anafanya tambiko, yule ana hirizi, mwingine Jumapili yuko kanisani na Jumatatu yuko kwa mganga. Mimi nimeshawishika kwamba makutano makubwa yalikuwa kwenye meza za watafsiri. Wamisionari na wasaidizi wao Waafrika hawakuja na lugha mpya ya imani. Walilazimika kuazima maneno ya dini iliyokuwapo, na kila neno waliloliazima lilikuja na watu wake. Jina la Muumba wakalipokea. Majina ya waliokufa, mara nyingi, wakayatupa upande wa shetani.

Litazame neno "Mungu". Wapo wanaodhani tulipewa na Waarabu au wazungu. Ni neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa Wagogo, wa Wayao na wa Wamijikenda, na pwani Waislamu walilitumia karne nyingi kabla ya mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Sasa angalia wingi wake. Tunasema mtu na watu, mtoto na watoto, lakini Mungu na miungu. Neno hili lilikaa ngeli moja na mti na miti, mto na mito, mzimu na mizimu. Waandishi wa karne ya 19 bado waliliandika "Muungu", na hapo kiungo kinaonekana wazi: mu-ungu, mi-ungu. Umoja ulipandishwa ukapewa upatanisho wa watu, ndiyo maana leo tunasema Mungu anapenda, Mungu amesema. Wingi ukaachwa pale pale. Amri ya kwanza inasema "Usiwe na miungu mingine ila mimi", na sarufi yenyewe imeshatoa hukumu: anayeamuru yuko ngeli ya watu, wanaokataliwa wako ngeli ya miti.

Kwa Wayao, wamisionari wa Kiskoti wa karne ya 19 waliandika kwamba neno mulungu liliweza kumtaja Muumba na pia roho za waliotangulia zikichukuliwa kwa pamoja. Kwa hiyo neno tunalolitamka kwenye Baba Yetu lina ndugu aliyewahi kukaa karibu sana na mizimu.

Wala si jambo la Afrika peke yake. Katika karne ya 4 Askofu Wulfila aliwatafsiria Biblia Wagothi, watu wa kale wa Ulaya. Neno lao la mungu, guth, lilikuwa la jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, jinsia ambayo mara nyingi ni ya vitu. Kwa Mungu wa Wakristo likaanza kupatanishwa kama mwanamume. Wingi wake, uliotaja miungu ya kale, ukabaki jinsia ileile ya zamani. Nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba. Miaka zaidi ya elfu moja na mia tano kabla yetu, kwenye lugha isiyo na undugu wowote na Kibantu, umoja ulipandishwa na wingi ukaachwa chini, vilevile kama kwetu.

Rwanda inaonyesha hofu iliyokuwa nyuma ya maneno haya. Mapadre wa White Fathers walifika mwaka 1900 wakakuta jina Imana. Liliwatia mashaka, kwa sababu Wanyarwanda walilitumia pia kwa bahati na kwa mambo ya uaguzi. Wakaleta "Mungu" kutoka Kiswahili, wakiliona ni safi kwa kuwa ni geni, na Wakatoliki wa Rwanda wakasali kwa neno hilo kwa miongo kadhaa kabla ya kurudi kwenye Imana. Usafi wa "Mungu" ulitokana na umbali tu. Lingekuwa ni la nyumbani kwao, wangelijua historia yake.

Sasa njoo kwenye pepo. Pwani, pepo ni kiumbe unayeishi naye. Ana ngoma yake, ana ubani wake, ana mtu aliyemkalia anayeitwa kiti, na fundi anaweza kumpunga au kupatana naye. Watafsiri wa Biblia walilichukua neno hili kwa wale Yesu anaowafukuza. Kumbukumbu la Torati 18, katika tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, inamkataza "mtu atazamaye bao" na "mtu apandishaye pepo". Kiebrania kilikuwa kinawasema waaguzi wa Kanaani. Kiswahili kimeyavika maneno yale nguo za pwani, na msomaji wa Tanga alijua mara moja ni nyumba ya nani inayosemwa. Lakini tafsiri hiyohiyo, katika Luka 23, inamfanya Yesu amwambie mwizi msalabani "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Shina ni moja, lile la upepo. Katika Injili moja, pepo wanafukuzwa na peponi panaahidiwa.

Na katika Kanuni ya Imani ya Mitume Wakatoliki tunasali: "akafa, akazikwa, akashukia kuzimu". Likate neno hilo: ku-zimu, kule kwa mizimu. Kabla ya mahubiri yoyote, kuzimu ni mahali walipo waliotangulia. Biblia yetu ililitumia kwa Sheoli ya Kiebrania, nchi ya wafu, na mimi nasema walichagua vizuri mno. Ila mahubiri ya moto yamelisogeza siku hadi siku kuelekea Jehanamu, na leo ukimwambia kijana wa mjini "kuzimu" anaona moto na mikia. Ukilirudisha neno mahali pake, Kanuni ya Imani inatamka jambo ambalo babu yangu angelielewa bila mwalimu: Yesu alikufa kweli, akaenda walipo wazee wetu.

Wajerumani walioleta Injili Kilimanjaro nao walikuwa na kuzimu yao. Neno lao la jehanamu, Hölle, ni ndugu wa Hel, makao ya wafu katika imani za kale za kaskazini mwa Ulaya.

Neno lililoumia kuliko yote ni mzimu. Shina lake limesambaa Afrika yote ya Kibantu, na huko kusini limepata hatima mbili kwa wakati mmoja. Katika Kitswana, Modimo ni Mungu wa Wakristo. Wingi wa aina yake, badimo, ni wahenga. Mmisionari Robert Moffat, aliyekamilisha Biblia ya Kitswana mwaka 1857 huko Kuruman, aliwatumia badimo kutafsiri mapepo. Shina lilelile, umoja wake ukawekwa mbinguni na wingi wake ukaingizwa ndani ya nguruwe. Swali la mzee wangu wa kusini, Watswana walikuwa nalo zaidi ya miaka mia moja kabla yake.

Kwetu haikwenda mbali hivyo, kwa kuwa pwani tayari ilikuwa na pepo. Hata hivyo mzimu alishuka hadhi taratibu. Wanafunzi walipomwona Yesu akitembea juu ya maji, Union Version inawafanya waseme "Ni kivuli". Habari Njema, tafsiri iliyokuja baadaye, inasema "Ni mzimu". Pale mzimu hana ukoo wala kaburi linalojulikana. Ni kitu cha kutisha usiku.

Ajabu ni kwamba watu walewale tuliwapa jina la pili. Redioni, shuleni na kwenye harusi tunasema "wahenga walisema", na kila mmoja anatega sikio. Mhenga ni babu aliyekufa mwenye busara. Mzimu ni babu huyohuyo, isipokuwa sasa anaogopwa. Nimewahi kumsikia mhubiri akianza mahubiri kwa methali ya wahenga na kuyamaliza kwa kukemea mizimu ya ukoo, na waumini wakaitikia amina mara zote mbili.

Mama yangu anatoka Old Moshi, na huko nimeona kwa macho jinsi watu wasivyosubiri wataalamu. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893 ikakuta Wachaga wanamwita Mungu Ruwa, neno ambalo pia ni jua. Mjadala ungeweza kuwa mrefu, lakini Ruwa likapokewa, na mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kuishi na Wachaga kwa miongo kadhaa, alilitumia katika Agano Jipya la Kimochi, Kichaga cha Moshi, lililotoka mwaka 1939. Gutmann alikuwa na jicho la pekee kwa ukoo, ujirani na rika. Aliamini kanisa lisipokaa juu ya vifungo hivyo litaelea hewani.

Ila mimi theolojia ya Kichaga nimeijua kwa isale, jani lile refu la kijani linalopandwa mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu, unampelekea isale, na kulikataa ni jambo zito. Bibi alipofariki, msalaba wa saruji ulisimama kichwani, na siku hiyohiyo mjomba alikuja na vipande vya masale vilivyokatwa kwa panga, akavichomeka kuzunguka kaburi, akikanyaga udongo kwa kisigino ili visimame. Mchungaji alikuwa pale, bado amevaa kanzu, akamshikia panga. Hapakuwa na hotuba. Jioni mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipotoka, mjomba mkubwa alimwaga kidogo chini kabla ya kunywa, akataja majina matatu, kisha akaomba kwa jina la Yesu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikuona mahali ambapo kimoja kiliishia na kingine kikaanza.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Mkristo, na katazo la kuwaomba wafu silipunguzi hata nukta. Nimewazika jamaa waliomaliza mbuzi na akiba kwa waganga wakitafuta babu gani amekasirika. Hofu ya namna hiyo ni kifungo, na Injili ilipowafungua watu kutoka humo ilifanya kazi njema. Ninachokataa ni kumchukua marehemu aliyelala kwa amani na kumpa kazi ya shetani kwa sababu tu mtafsiri alikuwa na haraka. Yesu mwenyewe, alipoulizwa habari za ufufuo, aliwataja wazee kwa majina, Ibrahimu, Isaka na Yakobo, akasema Mungu si Mungu wa wafu bali wa walio hai.

Kanisa limeanza kulitazama hili. Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia kutoka Tabora, alichapisha mwaka 1984 kitabu kinachomtazama Kristo kama Mhenga wetu. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Kongo, Zaire wakati ule, ambayo mwanzoni mwa misa inawataja watakatifu na kisha wahenga wa moyo mnyoofu. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Francis aliongoza misa ya utaratibu huo katika Basilika la Mtakatifu Petro. Lile "wa moyo mnyoofu" nalipenda. Halimpokei kila aliyekufa, wala halimfukuzi yeyote kwa sababu ya kufa kabla mchungaji hajafika.

Kule kusini, tulirudi kwenye Marko 5 asubuhi iliyofuata. Mzee ndiye aliyetutafutia neno. Kwao kuna upepo mbaya wa porini, usio na ukoo, usiotajwa kwenye maombi ya nyumbani, unaompata mtu akiwa peke yake. "Huo hauna kaburi," alisema. "Unaweza kulala makaburini, lakini si wa pale." Tukaandika hivyo. Kijana wa rasimu akafuta neno lake kwa kalamu nyekundu, mahali pote, akihesabu. Kisha mzee akavaa miwani, akasoma kisa chote kwa sauti, kuanzia chomboni hadi nguruwe walipozama, hakusita popote, akafunua ukurasa wa binti Yairo.