Sanamu ya mti si pambo tu

Wapo wanaoamini kwamba sanamu ya mungu wa Kihindu iliyochongwa kwa mti ni pambo la sebuleni tu, na ya kuabudiwa lazima iwe ya jiwe au shaba. Sivyo. Kule Puri, jimbo la Odisha nchini India, sanamu ya mungu Jagannath inayoabudiwa hekaluni ni ya mwarobaini. Naam, huu huu tunaochemsha majani yake. Huchongwa upya baada ya miaka kadhaa, mara nyingi 12 au 19. Mwaka 2015 alichongwa mpya, na sanamu kuukuu ikazikwa ndani ya ua wa hekalu. Maji huharibu mti na rangi, hivyo kila siku kinachoogeshwa ni taswira yake kwenye kioo. Nyumbani, kusafisha sanamu ya mti, kitambaa kikavu kinatosha.