Safaktanti: dawa ya kufungua mapafu ya mtoto njiti

Mtoto njiti akihangaika kupumua, wengi husema aongezewe oksijeni, basi. Lakini oksijeni itapita wapi ikiwa mapafu yenyewe yamesinyaa? Kinachokosekana mara nyingi ni ute mmoja uitwao safaktanti.

Chukua mfuko wa rambo (kama umebaki nao tangu kabla ya marufuku), uloweshe ndani, ubonyeze. Kuta zinagandana, na kuupuliza tena ni kazi. Vifuko vya hewa mapafuni navyo vina unyevu, na maji huvutana. Safaktanti, mchanganyiko wa mafuta na protini, hutanda juu ya unyevu huo na kuupunguza mvutano, kama sabuni inavyofanya kwenye maji. Mtoto akitoa pumzi, vifuko vinabaki wazi kidogo.

Mapafu huanza kuutengeneza ute huu mimba ikikaribia wiki 24, ila unatosha kuanzia kama wiki ya 35. Aliyezaliwa wiki ya 28 hana akiba. Utaona tundu za pua zinatanuka, mbavu zinabonyea, na kila akitoa pumzi anaguna. Anabana koo ili hewa isimtoroke yote.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Marekani, walionyesha kuwa watoto waliokufa hivyo walipungukiwa na ute huu. Kujua hakukuwa kutibu: mwaka 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy, alizaliwa kabla ya wakati na akafariki baada ya saa 39. Ikulu nzima, na dawa haikuwepo duniani. Ni mwaka 1980 ndipo Tetsuro Fujiwara wa Japani alipoeleza matokeo ya watoto 10 aliowapa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe.

Dawa hii hainyweshwi wala haichomwi. Ni maji meupe kama maziwa, hukaa kwenye friji, hupashwa joto kidogo, kisha hupitishwa kwa mpira mwembamba moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Kwa Curosurf, mojawapo ya majina ya safaktanti zinazouzwa, mtoto wa kilo 1 huanza na mililita 2.5, nusu ya kijiko cha chai. Curosurf hutoka kwenye mapafu ya nguruwe, Survanta kwenye ya ng'ombe. Mzazi Mwislamu akiuliza ni ipi, ameuliza swali la maana, na ajibiwe vizuri.

Ni dawa ghali, nayo inataka mikono iliyozoea. Usiichanganye na deksamethazoni, sindano anayochomwa mama kabla ya kujifungua ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Wala si dawa ya njiti anayesahau kupumua, akatulia tuli kwa sekunde kadhaa. Huyo hupewa kafeini. Ndiyo, ile ile ya kwenye kahawa.