Namba ya bunduki haitoi jina papo hapo
Wengi huamini kwamba polisi wa Marekani wakiingiza kwenye kompyuta namba iliyochongwa kwenye bunduki, jina la mmiliki hutokea hapo hapo. Sivyo. Sheria ya 1986 inaizuia serikali kuu kuunda daftari la wamiliki. Kituo cha ufuatiliaji cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kilichoko Martinsburg, West Virginia, huanza kwa mtengenezaji, kisha msambazaji, hatimaye muuzaji wa rejareja, ambaye hutafuta Fomu 4473, ile anayoijaza mnunuzi wa bunduki, katika kumbukumbu za duka lake. Tarakimu moja ikinukuliwa vibaya, msako huenda kwa bunduki nyingine. Tena, jina linalopatikana ni la mnunuzi wa kwanza tu. Ikiuzwa baadaye mtu kwa mtu, majimbo mengi hayadai fomu yoyote, na hapo ndipo nyayo hupotea.