Lugha nyepesi ya programu si lazima iwe dhaifu

Hapa Unguja, ukikaa na vijana wanaojifunza kuandika programu, hukawii kusikia kwamba lugha nyepesi ni ya wanaoanza tu. Anayetaka kazi za maana atafute iliyo ngumu. Dhana hii ina asili yake: wengi huanza na nyepesi, basi huiona kama ngazi ya kwanza.

Wepesi huo, lakini, mara nyingi umekusudiwa. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ina maneno maalumu 25 tu, yaani maneno ambayo lugha yenyewe imeyatengea kazi, na Docker na Kubernetes, programu za kuendesha programu nyingine zinazotumika kwenye seva nyingi duniani, zimeandikwa kwa lugha hiyo hasa.

Kwa anayebuni lugha nyepesi, kazi ngumu ni kuamua kipi ni dhahiri kwa mtumiaji. Una mikate 7 ya mofa, wagawie watu 2. Aliyeko jikoni atasema mitatu na nusu. Python, lugha nyingine nyepesi, ukiiandikia 7/2, toleo lake la 2 lilijibu 3, la 3 linajibu 3.5. Go nayo ukiiandikia 7/2 inatoa 3, maana namba zote mbili ni nzima. Nani kakosea? Hakuna. Hata saa moja asubuhi kwetu haina utata, ila simu ya mgeni pale Forodhani inasoma 7:00.

Jaribu mwenyewe. Fungua Python 3, andika import keyword, mstari wa pili print(len(keyword.kwlist)). Matoleo ya karibuni hutoa 35, ndiyo idadi ya maneno maalumu ya Python. Kisha andika 7/2, halafu 7//2, utazame majibu mawili: 3.5 na 3.