Nusu shekeli na moyo mkunjufu: kutoa ni amri au hiari?

Kwenye semina za wazee wa kanisa na wahazini, swali hili halikosi: "Mwalimu, Malaki anadai zaka (sehemu ya kumi ya mapato) kamili ghalani, Paulo anasema si kwa lazima. Tumfuate yupi?"

Kabla ya kuwagombanisha hao wawili, turudi kitabu cha Kutoka. Sura ya 25 inataka matoleo ya hema, mahali pa ibada pa Waisraeli jangwani, yapokewe kwa yule ambaye moyo wake umempa kupenda. Sura ya 30 inamtaka kila mwanamume aliyehesabiwa, wa miaka 20 na zaidi, alete nusu shekeli, yaani kipimo cha uzito wa fedha. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Hapo huwezi kusema moyo haujakutuma.

Sura ya 38 wengi huiruka kwa sababu ni hesabu tupu. Mimi huwaambia wahazini watoe simu zao tukokotoe. Wanaume 603,550, kila mmoja nusu shekeli: tunapata shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, basi hizo ni talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta 100 zikasubiwa vitako 100 vya fedha vya kusimamishia mbao na nguzo za pazia. Zilizobaki zikatengeneza kulabu na mapambo ya nguzo. Mbao za hema zilisimama juu ya mchango wa lazima, na hakuna tajiri aliyeweza kujidai kwamba kitako fulani ni chake. Dhahabu, vito, vitambaa na mafuta vililetwa kwa hiari, tena vikafurika mpaka Musa akapiga marufuku watu kuleta zaidi (36:6). Tangazo la namna hiyo sijawahi kulisikia kanisani kwetu.

Malaki naye asisomwe peke yake. Hesabu 18 inawapa zaka Walawi, kabila lililohudumu hemani, ambao hawakugawiwa ardhi. Ilikuwa ujira wao. Kumbukumbu la Torati 14 inaongeza mgeni, yatima na mjane katika zaka ya mwaka wa tatu. Ghala lilikuwa na walaji, na aliyeizuia zaka aliwanyima hao chakula.

Fundo gumu zaidi liko Korintho. Katika 1 Wakorintho 16 Paulo anasema aliyaamuru makanisa ya Galatia, nanyi fanyeni vivyo hivyo. Katika 2 Wakorintho 8:8, kwa changizo lile lile la kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu, anasema haneni kwa kuamuru. Kitenzi cha Kigiriki cha kwanza, *diatasso*, hubeba maana ya kupanga, na kinachofuata ni mpango kweli: siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Kiasi hakutaja. Hata hivyo Warumi 15:27 inasema iliwapendeza watu wa Makedonia na Akaya kutoa, na papo hapo inawaita wadeni, kwa hiyo sidai kwamba fundo limefunguka lote. Huo "moyo wa ukunjufu" wa 2 Wakorintho 9:7 umetokana na kukunjua; mdaiwa naye anaweza kulipa bila kukunja uso.

Mhazini mmoja aliniuliza kama bahasha ya posho ya mwinjilisti iwekewe kiwango. Nilimfungulia Hesabu 18. Akauliza na ile ya vyombo vipya vya kwaya. Hapo nilimfungulia Kutoka 35, penye watu waliokuja kwa sababu mioyo yao iliwahimiza.