Soma Kwanza, Andika Baadaye: Mwongozo kwa Wahariri Wapya wa Kamusi Elezo

Mhariri mpya wa kujitolea huanza kwa kuandika anachokijua. Aya inatoka vizuri, Kiswahili kimenyooka, kisha mwishoni anakumbuka kwamba kamusi elezo, kama Wikipedia, hudai chanzo. Anaingia kwenye intaneti, anatafuta ukurasa wowote unaofanana na alichoandika, anaupachika, anahifadhi. Sisi tunaopitia kazi za wahariri wapya tunazijua rejea za namna hii: ukifungua chanzo, mada ipo lakini dai halipo.

Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Soma chanzo, kiweke kando, andika kwa maneno yako yale uliyoyakuta, kisha kifungue tena uhakiki. Rejea ikae mwishoni mwa sentensi inayoihitaji, isirundikwe na nyingine chini ya makala nzima. Taja mwandishi, jina la kazi, mchapishaji na mwaka, na kama ni kitabu taja ukurasa. Msomaji hawezi kupekua kurasa 400 akitafuta tarehe moja. Kwa tovuti, ongeza siku uliyoisoma na, ikiwezekana, nakala iliyohifadhiwa kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za tovuti, kwa kuwa viungo vya tovuti hufa.

Wengine huona huu ni urasimu. Basi wasikie kisa cha koati, mnyama wa bara la Amerika mwenye pua ndefu. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliongeza kwa mzaha, katika Wikipedia ya Kiingereza, kwamba mnyama huyo huitwa pia “muhanga wa Brazili”. Muhanga ni mnyama wa Afrika na hana undugu wowote wa karibu na koati. Jina hilo halikuwa na chanzo, lakini halikufutwa. Magazeti yakalinakili, hata kitabu cha kitaaluma kikalibeba, na baadaye machapisho hayo yakageuka ushahidi kwamba jina lipo. Uongo ulijizalia mashahidi.

Kwa hiyo kamusi elezo haiwi chanzo cha kamusi elezo, hata ikiwa ya lugha nyingine. Jambo hili linawahusu zaidi wanaotafsiri. Ukitafsiri makala, eleza kwenye muhtasari wa uhariri, yaani maelezo mafupi unayoandika unapohifadhi, umeitoa wapi, na usibebe rejea ambazo hujazifungua. Kosa la mwandishi wa kwanza likishavaa Kiswahili kizuri, ni vigumu zaidi kuligundua.

Kuna kosa lingine la ndani zaidi, nalo hunasa hata wasomi. Tuseme chanzo kimoja kinasema kiwanda kilifunguliwa mwaka 1998, na kingine kinasema samaki wa mto ule walianza kupungua mwaka 2000. Mhariri anaviunganisha: “Kiwanda kilisababisha samaki kupungua.” Rejea zote mbili ni sahihi, lakini hitimisho ni lake, na hakuna chanzo kilicholisema. Huo ni utafiti mpya, na mahali pake ni kwenye jarida la kitaaluma. Huenda hata yuko sahihi. Hoja ni kwamba msomaji hana pa kulithibitishia.

Tukija kwenye kutoegemea upande, wengi hudhani maana yake ni kugawa nusu kwa nusu. Sivyo. Kila mtazamo hupewa nafasi kulingana na uzito wake katika vyanzo vya kuaminika. Makala kuhusu umbo la dunia haiwagawii wanaoamini ni bapa nusu ya ukurasa. Pale wataalamu wanapotofautiana kweli, eleza nani anasema nini na utaje majina. “Wakosoaji wanasema” ni pazia tu, kwa kuwa mara nyingi nyuma yake yumo mhariri peke yake.

Upendeleo hupenda kujificha kwenye vitenzi. “Alisema” haina upande. “Alidai” inamtilia shaka msemaji, “alikiri” inamfanya mkosaji, na “alifichua” inatangaza kwamba alichosema ni kweli. Lugha yetu ina mtego wake pia, nao ni adabu. Tumelelewa kuandika “Mheshimiwa”, “mpendwa wetu”, “alitangulia mbele ya haki”. Katika tanzia maneno hayo yana mahali pake, lakini kwenye kamusi elezo jina linatosha, na mtu “alifariki”. Vivyo hivyo kwa sifa: badala ya “mwanariadha hodari”, andika alishinda mashindano gani na mwaka gani. Msomaji atauona uhodari mwenyewe.

Kwa watu walio hai, kaza mkono zaidi. Mwaka 2005 makala ya Wikipedia ilimhusisha mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, na mauaji ya Rais Kennedy. Ulikuwa uzushi mtupu, na ulikaa takribani miezi minne. Dai zito lisilo na chanzo kuhusu mtu aliye hai huondolewa mara moja, bila kusubiri mjadala. Usiandike pia makala kuhusu nafsi yako, ndugu yako au mwajiri wako. Pendekeza mabadiliko kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo na useme uhusiano wako. Ukilipwa kuhariri Wikipedia, masharti ya matumizi yanakulazimisha kutangaza hivyo.

Na siku uhariri wako ukirudishwa nyuma, kama utakavyorudishwa tu, usibonyeze kitufe cha kuurejesha. Fungua historia ya makala, usome sababu aliyoiandika mwenzako, kisha nenda kwenye ukurasa wa majadiliano na chanzo chako mkononi, namba ya ukurasa ikiwemo.